Uso Nitaandika Kesho

Jumatatu, 5 Julai 1999

Upepo wa milima ya Mbizi umeamka kabla yangu. Umeng'oa bati la choo cha shule na kulilaza shambani kwa Mama Bertilla, mpishi wetu. Sijali. Siku kubwa huanza kwa kelele.

Leo amefika Mama Hellena, mkufunzi wa walimu wa Waldorf, ule mtindo wa shule uliotoka Ujerumani, kutoka Dar es Salaam. Siku mbili ndani ya basi, vumbi la Tunduma hadi kwenye kope. Amekuja kuchagua mlezi wa walimu kwa mkoa mzima wa Rukwa. Mmoja tu! Huyo ndiye atakayezunguka kwenye shule changa za mtindo wetu, akae nyuma ya madarasa, awanoe walimu wapya, na kila mwaka aende Nairobi wiki tatu kwenye mafunzo. Wanaotajwa ni wawili. Mimi, Wilibrodi, mkaguzi wa shule kwa miaka kumi na tisa, mpaka serikali ilipopunguza watu na kuanza na mimi. Na Zenon, ambaye anapuliza filimbi.

Nimemaliza maelezo ya Zenon.

Nafasi hii ni yangu. Tangu nipunguzwe kazi, watu mjini wananisalimia kama wanavyomsalimia mtu aliyetoka kulazwa. Nataka tena kuingia darasani na mwalimu ashtuke. Sioni aibu kuliandika hilo, daftari hili halisomwi na mtu.

Mama Hellena alituita ofisini, yaani ile nusu ya stoo isiyo na majembe. Akaeleza kwamba mlezi si mkaguzi. Mlezi hana kalamu nyekundu. Yangu nikaisukuma ndani ya soksi. Akasema watu wana hulka nne: moto, hewa, maji na udongo. Nilikaa kimoto, kifua mbele. Alinitazama, akasema mimi ni maji. Yaliyotuama. Zenon akaandika! Ana daftari dogo la kuandikia mambo kama hayo.

Kazi tuliyopewa ni hii. Kila mmoja akae nyuma ya darasa moja. Mimi nimepewa darasa la kwanza la Minza, binti wa wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Huu ni mwaka wake wa kwanza kazini. Zenon kapewa la pili. Tuandike kila mtoto: anavyotembea, mikono, sauti, uso. Tusihukumu. Halafu kabla ya kulala tumkumbuke kila mtoto, toka unywele hadi kisigino, tulale naye mawazoni. Mama Hellena anasema mtoto aliyebebwa vizuri usingizini huja asubuhi na jibu.

Watoto ishirini na mmoja! Nitawabeba kwenye gunia?

Nilipomwambia mke wangu, Dominika, kwamba natafuta ulezi, aliuliza kama ni ulezi wa kulea au wa uji, maana wa uji umebaki kidogo na mimi ndiye ninayeumaliza.

Jumanne, 6 Julai

Kigoda cha mlezi ni cha kimo cha mtoto. Magoti yangu yamekaa jirani na masikio.

Asubuhi Minza husimama mlangoni na kumpa kila mtoto mkono, akimtazama machoni na kumtaja jina. Ndiyo desturi ya Waldorf, hakuna anayeingia bila kushikwa mkono. Nilisimama nyuma yake nikapokea mikono hiyohiyo. Ishirini na mmoja, yote ya baridi, mingine ina mafuta ya mgando. Kisha mshumaa, kisha shairi la asubuhi, kisha Minza akaanza kusimulia habari za kondoo aliyepotea, kwa ile sauti yake ya kubembeleza.

Nimeamshwa na kengele.

Nikaona nisitoke mikono mitupu, nikatazama rafuni. Pale pana midoli saba ya kitambaa aliyoishona Minza mwenyewe. Hakuna hata mmoja mwenye uso. Nywele za sufu, nguo nzuri, halafu mbele kitambaa kitupu. Nilimwuliza Mama Hellena kama uzi wa macho umeisha Dar. Akajibu kwamba uso huachwa makusudi, ili mtoto aujaze mwenyewe. Akasema kitu ambacho hakijamalizwa kinamwita mtu aje akimalize. Nimeinakili sentensi hiyo. Sikuielewa, lakini Zenon hakuwepo, kwa hiyo hanayo.

Baada ya kula nilijilaza nikaanza kumkumbuka mtoto wa kwanza. Nilianzia kwenye unywele, kama tulivyoagizwa. Sikufika sikioni.

Jumatano, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna shule. Nasikia Zenon amekwenda kwa miguu kuwatembelea wanafunzi makwao, mmoja baada ya mwingine, kwenye upepo huu. Kujipendekeza kwa kiwango hicho sijapata kukuona.

Mimi nimekaa mezani nimewaandika wote kwa mkupuo. Ukaguzi ulinifundisha kwamba taarifa nzuri huandikwa ukiwa umekaa. "Anatembea kwa furaha." Anayefuata: "Anatembea kwa furaha kiasi." Anayefuata: "Furaha yake ni ya wastani, ila anatembea." Nikafika ishirini bila jasho.

Wa ishirini na moja akagoma kuja. Nilikuna kichwa. Nilitembea sebuleni. Hapo macho yakatua kwenye kitambaa kinachofunika redio. Dominika alikinunua mnadani miaka mingi iliyopita, kimetariziwa kwa uzi mwekundu: ROZINA. Huyo Rozina ni nani hakuna ajuaye, hata aliyekiuza hakujua.

Basi, Rozina. Kalamu ilikimbia! "Amevaa sweta ya kijani, kifungo cha pili hakipo. Hutumia mkono wa kushoto. Hukaa peke yake kwenye dirisha linalotazama milima. Hasemi. Hutazama nje kama mtu aliyeahidiwa kwamba watakuja kumchukua. Akikupa mkono, huuacha mkononi mwako muda mrefu kidogo kuliko watoto wengine." Ukurasa mzima na nusu. Nilisisimka mwenyewe, mpaka nikaangalia mlango.

Nilipofika kwenye uso, Dominika akaita. Ugali na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika kutoka Wampembe, mikavu, kwa nazi ya kuletwa. Mtu haachi hiyo ipoe. Nikaandika upesi: "Uso: nitaandika kesho."

Alhamisi, 8 Julai

Taarifa nimeikabidhi. Kurasa zangu ni nyingi kuliko za Zenon. Nilizipima kwa vidole.

Nimerudi kwenye kigoda, na nani yuko mbele ya pua yangu, akitafuna kalamu ya nta? Limbu. Limbu, mtoto mwenye kelele kuliko soko la Jumamosi. Nimemsahau kabisa! Yeye ndiye wa ishirini na moja. Kwa hiyo Rozina ni wa ishirini na mbili katika darasa la watoto ishirini na mmoja.

Nikajituliza. Nani atahesabu?

Leo walipaka rangi. Minza alilowesha karatasi kwenye beseni, akawagawia, wakapaka njano na buluu na kuziachia zikutane. Karatasi zikatandazwa sakafuni zikauke. Mimi ni mkaguzi, siwezi kuona vitu vimepangwa nisivihesabu. Zilikuwa ishirini na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya kijani tupu toka kona hadi kona, isipokuwa katikati, mahali peupe pa ukubwa wa yai.

Nilimwuliza Minza hiyo ni ya nani. Akasema, bila hata kuinua kichwa, ni ya yule mpole wa dirishani. Dirishani palikuwa na kiti. Akasema huyo mtoto hutangulia kutoka.

Zenon! Amesoma taarifa yangu, amepaka hiyo karatasi, na amemrubuni binti wa watu. Mtu wa filimbi hakosi hila.

Siwezi kumwuliza Mama Hellena. Tangu ashuke kwenye basi anashika mkoba kwa mikono miwili. Huko Dar wakisikia Sumbawanga, mji wetu huu, wanawaza uchawi na kushika vifua. Sisi wenyewe tunashika majembe tukalime. Nikimwendea na habari za mtoto niliyemtunga kutokea darasani, atasema ndiyo hayo aliyoambiwa, na mji mzima utaaibika kwa ajili yangu. Nimenyamaza kwa uzalendo.

Ijumaa, 9 Julai

Sijui niandikeje. Nitaandika kama mkaguzi.

Saa moja na nusu nilisimama mlangoni nyuma ya Minza. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mlingoti wa bendera. Watoto walitoka ndani yake mmoja mmoja. Nikapokea mikono, nikihesabu. Wa ishirini na moja ulikuwa wa Limbu, una nta. Nikashusha pumzi. Halafu ukaja mwingine. Mdogo, mkavu, wa kushoto. Ukabaki mkononi mwangu muda mrefu kidogo kuliko ya wengine.

Niliona sweta ya kijani. Niliona mahali pa kifungo cha pili, uzi umebaki. Nikawa nainua macho, Limbu akanikanyaga kidole kile kibovu, na nilipomaliza kuruka niliona kisogo kinaelekea dirishani.

Alikaa pale asubuhi nzima. Sikulala hata dakika moja, mara ya kwanza tangu nianze kazi hii.

Saa nne nilikwenda jikoni kwa Mama Bertilla, nikajifanya napenda harufu ya uji. Nikamwuliza huwa anaosha bakuli ngapi za darasa la kwanza. Ishirini na mbili. Tangu lini? Alinitazama kama mtu anayeulizwa mvua ilianza lini kunyesha. Akaongeza kwamba moja hurudi safi, utadhani imelambwa na paka.

Nikamfuata Zenon nyuma ya stoo, nikamwambia nimeshamjua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jana yeye pia alipita darasani kwa Minza akahesabu. Vichwa vilikuwa ishirini na moja. Akahesabu viatu, vikawa vya watoto ishirini na wawili. Ameshamwandikia Mama Hellena hivyohivyo, maana hajui namna nyingine ya kuandika. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, unapata usingizi kweli?"

Wivu, huo.

Jumatatu, 12 Julai

Nimetumia Jumamosi na Jumapili kufikiri, na nimepata dawa. Tena rahisi! Kama aliingia kwa kalamu, atatoka kwa kalamu. Asubuhi nimeandika nyongeza ya taarifa: "Mtoto Rozina amehama na wazazi wake kwenda Mtowisa." Nikampa Mama Hellena mkononi.

Mlangoni mikono ilikuwa ishirini na mmoja. Kiti cha dirishani kitupu. Nilitamani kumkumbatia Minza, nikaishia kumsifu kwa ubao wake, ambapo leo kachora mlima mzima kwa chaki za rangi.

Limbu alilia saa nzima. Minza akasema watoto wamehuzunika, ndiyo maana wameimba wimbo wa kuagana. Nikamwuliza nani kamwambia kuna wa kuagwa. Alifikiri. Akasema hakumbuki.

Nimekula vizuri. Huko Mtowisa, chini bondeni, kuna joto, kuna mpunga, atafurahi. Namzungumzia kama mtu. Inabidi niache.

Jumanne, 13 Julai

Balaa. Mama Hellena kaniita. Taarifa yangu ilikuwa mezani, na alizungumza nayo zaidi kuliko nami. Alisema watoto ishirini wa kwanza wangeweza kuwa mbuzi. Anatembea, anatembea kiasi. Lakini Rozina! Miaka kumi na mitano anafundisha walimu na kuwalea, na hajasoma mtoto aliyetazamwa namna ile. Alisoma kwa sauti lile la mtu aliyeahidiwa kuchukuliwa, akavua miwani.

Kisha akasema uamuzi ni Ijumaa, na kabla ya hapo anataka kumwona huyo mtoto.

Nikamkumbusha kwamba amehama. Akasema ni masikitiko, kwa sababu akimwondoa Rozina ninabaki na mbuzi, na Zenon ana watoto kumi na tisa ambao wote ni watoto.

Niliiona Nairobi ikienda zake. Nilimwona Zenon akishuka kwenye basi na sanduku, akipuliza ile filimbi, na watu wakimwita mlezi. Nikachukua karatasi, nikaandika palepale juu ya goti: "Rozina amerudi." Mama Hellena akauliza nimejuaje. Nikasema mlezi huhisi.

Jumatano, 14 Julai

Alikuwa wa kwanza mlangoni.

Sweta imepauka kwa jua. Miguuni ana tope jeusi la bondeni, limekauka hadi magotini. Kwenye nywele mna vipande vya majani ya mpunga. Toka Mtowisa hadi huku ni kupanda ukingo wote wa bonde, lori lenyewe hupumzika mara tatu. Minza akanieleza, kama habari ya kawaida, kwamba utingo wa lori lililofika alfajiri kamletea salamu za wajomba zake wanaochunga huko. Juzi walimwona msichana wa sweta ya kijani amesimama nje ya dirisha la shule yao. Hakuwa akimtafuta mtu. Jana jioni aliondoka ghafla, kana kwamba ameitwa.

Mama Hellena alikaa nami nyuma. Rozina alitupa kisogo muda wote. Somo lilipokaribia kwisha, Mama Hellena akatoka nje, nikamwona akizunguka jengo hadi kwenye lile dirisha. Akatazama ndani. Alisimama sana. Aliporudi midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alininong'oneza kwamba amemtazama mtoto usoni na hawezi kukumbuka alichokiona. Kwenye taarifa yangu pia uso haupo. Akaniomba nimwambie. Hakuomba kama mtu anayefanya usaili. Aliomba kama mtu anayetaka mlango ufungwe.

Nilielewa alichokiona. Kitambaa kitupu.

Mtu mwingine hapo angesema ukweli. Nilifika karibu kabisa na kuusema, ulikuwa tayari mdomoni. Lakini leo ni Jumatano na uamuzi ni Ijumaa! Nilihitaji uso, na upesi. Kabati la vitabu lina kioo. Ndani ya kioo palikuwa na uso mmoja, ulio tayari, usio na mwenyewe mwingine wa kulalamika. Nikausoma kama ulivyo: paji pana, masikio yaliyosimama, kovu juu ya nyusi ya kushoto, jino moja la mbele limelipandia jingine. Mama Hellena akauliza na sauti je. Nikasema ni ndogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi.

Rozina akageuka.

Yesu na Maria. Ni mimi. Mimi wa miaka saba, nimesukwa nywele. Lile kovu nililipata kwa jembe la baba, na yeye analo, bichi.

Limbu ndiye aliyeanza kucheka. Akatangaza kwa darasa zima kwamba Rozina kafanana na Mwalimu. Minza akainamisha macho kwa adabu, akaniuliza kama ni mjukuu.

Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Naogopa sana.

Alhamisi, 15 Julai

Kufikia saa tatu mji wote ulijua kwamba mkaguzi ana mtoto wa nje. Fundi baiskeli alinipa pole. Katekista alinipa mkono, akiwa na uso wa msiba. Vijana wa kijiweni wakanipigia makofi: "Mzee poa kumbe!"

Dominika alizisikia habari kwenye mashine ya kusaga. Hakurudi nyumbani kunigombeza, aliweka ndoo ya unga chini, akajifunga kanga vizuri, akaelekea shuleni. Nilimwona kwa mbali anapanda. Nikaingia chooni. Kile choo bado hakina bati, kwa hiyo nilijificha chini ya mbingu, wazi kwa yeyote aliye juu.

Saa kumi nilikwenda nyumbani kwa njia ya kuzunguka. Sahani mezani zilikuwa tatu.

Dominika alisema maneno manne: mtoto hana kosa lolote. Miaka ishirini na minane tumeishi wawili ndani ya nyumba hii bila kupata mtoto, na sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile. Alikuwa anamtoa Rozina majani ya mpunga kwenye nywele, moja moja, na kuyapanga mezani.

Nilitaka kumwambia sijawahi kutoka nje ya ndoa, nilidanganya tu kwenye taarifa. Nikayapima maneno hayo. Yalisikika mabaya zaidi.

Baada ya kula Rozina alikwenda kwenye redio. Akakivua kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mfuko wa sweta, kama mtu aliyekuja kuchukua chake.

Ijumaa, 16 Julai

NI MIMI! Mlezi wa Walimu, Mkoa wa Rukwa!

Mama Hellena alitangaza mbele ya wote, chini ya bendera, upepo ukimpokonya maneno. Alisema walimu wengi humtazama mtoto, wachache humbeba, na Mwalimu Wilibrodi amembeba mpaka amemfikisha nyumbani. Makofi. Wakati wote hakugeukia upande wa lile dirisha. Nafasi yake kwenye basi ilikuwa ya Jumapili, lakini ameomba ya leo, na aliponiaga hakutoa mkono. Uchovu wa safari.

Taarifa ya kila mwezi ataingojea kutoka shule tatu changa: Wampembe, Mtowisa na Matai.

Zenon alikuja kunipongeza. Akanivuta pembeni, akasema taratibu, "Mzee, mimi nimehesabu tena. Waliozaliwa na mama zao ni ishirini na mmoja." Macho yake yalikuwa mekundu. Ameomba likizo na hakusema atarudi lini. Nimemwambia kushindwa kunauma, hata mimi kuliniuma serikalini. Alinipa ile filimbi yake, akasema nimpe mtoto, labda atapenda kupuliza kitu chenye pumzi ya mtu.

Sijaelewa. Watu wa hewa husema ovyo.

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Wiki mbili sijaandika. Mlezi ana shughuli. Nimenunua kofia.

Nyumbani ni shwari. Rozina hapuuzi agizo hata moja. Chakula hali sana. Dominika amemfumia sweta mpya, nyekundu, yenye vifungo vyote. Asubuhi tunakuta ya kijani imerudi mwilini, na ile nyekundu imekunjwa mara nne. Ananiita Baba. Nimezoea, karibu.

Mama Hellena kaleta barua anataka taarifa ya Wampembe. Sasa, kushuka hadi ziwani kwa barabara ile, juu ya magunia ya chumvi, na magoti haya! Halafu nimeulizia. Shule yenyewe bado ni chumba kimoja kisicho na mlango, na mwalimu hajapatikana. Nitaanzaje ulezi wangu kwa kuwaambia Dar kwamba hakuna kitu? Wangesema wamechagua maji yaliyotuama.

Nimekaa mezani toka saa nane. Nimemwandika Mwalimu Coleta, mrefu, mwenye subira, anayefundisha amesimama mlangoni kwa sababu ndani pamejaa. Nikampa wanafunzi arobaini, maana shule ya pwani ya ziwa haiwezi kuwa na wachache. "Hutembea wakiwa wameshikana mikono. Nguo zao zimelowa hadi kiunoni. Hawapigi kelele. Wanapenda sana kupeana mkono na mgeni, na hawachoki kumtafuta." Nimeisoma mara mbili. Ni bora hata kuliko ile ya Rozina! Arobaini ni wengi lakini, mtu atachoka. Nikaweka mstari chini: "Nyuso: nitaandika kesho." Kisha nikaanza ya Mtowisa.

Dominika yuko shambani anavuna ulezi. Rozina alikuwa barazani, sasa ameingia na kusimama karibu na meza. Kwa ile sauti yake ndogo ameniambia, "Baba, nje kuna watu. Wanataka kukupa mkono."

Nimeuliza ni wangapi. Amesema bado anahesabu.

Kweli nasikia maji yakidondoka kwenye sakafu ya baraza, na huku juu hakujanyesha tangu Mei. Nimemwambia wapange mstari na wangoje. Bado sijamaliza Mtowisa.